Injini Iliyokufa Ipimwe Kwanza

Mtu apitaye katika mitaa ya maduka ya vipuri vya magari, iwe ni Gerezani mjini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, hukuta injini zimepangwa juu ya mbao mbele ya maduka, zimeoshwa kwa mvuke, zimefutwa mafuta, na baadhi yake zimepakwa rangi ya fedha zikang'aa kama vyombo vya harusi. Hizo ni injini za mtumba. Nyingi zilitolewa katika magari yaliyokwisha kutumika Japani, zikapita katika masoko ya Ghuba, hasa Dubai na Sharjah, kisha zikavuka bahari kuja kwetu. Biashara hiyo si haramu, wala mimi si adui yake, kwani imewaondolea adha watu wengi ambao riziki yao hutegemea gari. Hata hivyo imekuja na mazoea ambayo kwa maoni yangu yanaitia hasara elimu yetu kuliko inavyodhaniwa: mazoea ya kuitoa injini iliyoharibika na kutia nyingine mahali pake, pasipo mtu yeyote kuuliza ni kitu gani kilichoiua ile ya kwanza.

Nitalieleza jambo hili kwa kisa cha gari moja ninalolijua vizuri. Nakiri mapema kwamba katika kisa hiki mimi ndiye niliyekosa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari dogo la mbio la milango miwili, lililoanza kuuzwa na kampuni ya Nissan mwishoni mwa mwaka 1969. Vijana wa leo huenda wasilijue, lakini wazee wao wanalikumbuka, kwa sababu katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki gari hili lilishika nafasi ya kwanza mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Ushindi huo wa pili ulikuwa wa ajabu kidogo, maana Mehta alimaliza akiwa sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, ikabidi mshindi atafutwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Katika Safari ya magari ya kale, iliyoanzishwa mwaka 2003, magari ya aina hii yameonekana tena barabarani. Kwa hiyo swali la kufufua injini yake si la makumbusho tu.

Injini ya gari hilo huitwa L24. Ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu, na silinda hedi ya alumini. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7 kutoka chini hadi juu. Mwanafunzi akikokotoa ujazo wa silinda moja na kuzidisha kwa 6 atapata sentimita za ujazo 2,393, yaani lita 2.4, na hapo ndipo ilipotoka ile 240 katika jina la gari. Akizidisha kwa 4 badala ya 6 atapata 1,595. Hiyo ni injini ya Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari ya mwaka 1970! Wahandisi wa Kijapani hawakubuni kila kitu upya; walichukua vipimo vya silinda walivyokwisha kuviamini, wakaongeza silinda mbili. Huona raha kila mara nikiwaonyesha wanafunzi hesabu hiyo, ingawa haimo katika muhtasari wa somo.

Mjomba wangu alilinunua gari lake mwaka 1975 huko Arusha, kutoka kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa akirejea kwao. Alilitunza kwa zaidi ya miaka 40. Siku moja, akipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, kisha, kama alivyonisimulia baadaye, ukashuka wenyewe. Alidhani gari limepona. Akaendelea. Baada ya mwendo mfupi injini ikapoteza nguvu, ikapiga kelele ya chuma kusuguana na chuma, ikasimama.

Gari lilivutwa hadi kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi aliivua silinda hedi, akaona kwamba gasketi imeungua na kwamba silinda mbili zina mikwaruzo, akatamka hukumu: injini imekufa. Mjomba alinipigia simu. Aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu wa mitambo, sema nami nitafuata." Nami, mwalimu wa chuo kikuu mwenye shahada ya uzamivu katika mitambo ya joto niliyoisomea Ujerumani, sikupanda basi kwenda kuitazama injini. Nilimjibu kwa simu kwamba atafute injini ya L28 ya mtumba, ambayo ni ya ukoo uleule, inakaa katika vishikizo vilevile na hupokea giaboksi ileile. Katika maabara niliyosomea, injini yoyote iliyokufa juu ya meza ya majaribio haikuondolewa mpaka kila silinda, kila beringi na kila pistoni ipimwe na vipimo viandikwe katika daftari. Nilifanya kazi hiyo kwa mikono yangu usiku na mchana kwa miaka 4. Lakini nilipoulizwa na mtu wa damu yangu, elimu hiyo yote niliisahau, nikajibu kama mtu wa dukani.

Injini ya L28 ilipatikana, ikatiwa. Ile ya zamani, bloku na krenki na vyote, iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa uzito wake. Haikupita miezi 4, L28 nayo ikaungua gasketi katika mlima uleule.

Safari hiyo nilikwenda. Nilikwenda pamoja na mzee mmoja mwenye karakana ya kukereza vyuma, ambaye amesaga krenki za malori tangu kabla sijazaliwa. Hakuigusa injini. Alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia kwa tochi, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa na ukoko mweupe. Akaniuliza, "Mwalimu, ile ya kwanza mlipoizika, mliuliza ilikufa kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Ukoko ule mweupe ni kitu ambacho kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amekisoma katika kemia. Kwa miaka mingi rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, nayo maji ya visima vingi ni magumu, yaani yamebeba kalisi haidrojeni kaboneti iliyoyeyuka ndani yake. Maji hayo yakipata moto, chumvi hiyo huvunjika ikawa kaboni dayoksaidi, maji, na kalisi kaboneti isiyoyeyuka. Hii ya mwisho hushika katika kuta za mirija, kama ishikavyo ndani ya birika la chai nyumbani. Ni chokaa hasa. Tulipoikata rejeta baadaye tulikuta katika safu za mirija ya chini theluthi moja hivi imeziba kabisa, na iliyosalia imekuwa myembamba.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa makadirio tu, maana hapa ndipo fizikia inapoonyesha manufaa yake. Katika injini ya petroli, kwa kukadiria, theluthi moja ya nishati ya mafuta huwa kazi, theluthi hutoka na moshi, na theluthi huchukuliwa na maji. Tuseme katika kupanda mlima injini inatoa kilowati 30 za kazi. Basi maji nayo yanapaswa kubeba kilowati 30 za joto na kuzitupa nje kupitia rejeta. Rejeta iliyoziba ikiweza kutupa kilowati 20 tu, zinabaki 10 zisizo na pa kwenda, na hizo hukaa ndani zikaendelea kuipasha injini yenyewe. Maji kama kilo 10 na chuma kinachopata moto kama kilo 120 kwa pamoja huhitaji karibu kilojuli 100 ili kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo injini hupanda nyuzi 1 kila sekunde 10, au nyuzi 30 kwa dakika 5. Mlima wa Kitonga hauishi kwa dakika 5.

Angalia pia jambo la kanieneo. Katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, kama ule wa Iringa, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi: huyabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Springi ya mjomba ilikuwa imelegea, na mpira wake umekatika. Kwa maneno mengine, pale alipodhani ana akiba ya nyuzi 25 juu ya joto la kawaida, alikuwa na nyuzi 5. Na maji yakishakuwa mvuke katika silinda hedi, yale yaliyobaki hayaifikii tena alumini ili kuipoza. Hata kile kipima joto, ambacho hufanya kazi yake barabara kikiwa kimezama ndani ya maji, kikibaki katika mvuke huweza kusoma joto la chini kuliko lililopo. Ndiyo siri ya mshale ulioshuka. Mjomba wangu alifurahi wakati hasa ambapo alipaswa kuzima gari na kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Ndipo inapoingia tofauti ya alumini na chuma. Chukua vipande viwili vya milimita 500, kimoja cha alumini na kimoja cha chuma cha kusubu, uvipashe kutoka nyuzi 20 hadi 100. Cha alumini kitarefuka milimita 0.92, cha chuma milimita 0.44. Hata katika siku ya kawaida, basi, silinda hedi hutaka kurefuka kuliko bloku kwa karibu nusu milimita, na gasketi iliyo katikati hustahimili mvutano huo. Joto likizidi, na hasa likizidi upande mmoja kuliko mwingine, hedi hushindwa kutanuka kwa uhuru kwa sababu imefungwa kwa bolti, ikapinda, na ikipoa hairudi sawa. Katika injini hizi za L kemshafti hukaa juu ya hedi katika vishikizo vilivyofungwa kwa bolti. Hedi ikipinda, vishikizo navyo huacha kuwa mstari mmoja, na kemshafti hubanwa. Fundi asiyeangalia hilo huisawazisha hedi upande wa chini kwa kuikereza, akaridhika. Kumbe kwa kuipunguza unene ameishusha kemshafti karibu na krenki, cheni imelegea, na valvu zinafunguka zikiwa zimechelewa. Hapo gari hukosa nguvu, na lawama huangukia kabureta!

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili msomaji aone kwamba injini ya kwanza haikufa kwa uzee, wala kwa ubovu wa chuma chake. Iliuawa na rejeta, na rejeta hiyohiyo ilingoja ikaiua ya pili. Ingawa tulibadilisha injini nzima, hatukugusa ugonjwa wenyewe.

Je, injini ile ya kwanza ingefufuka? Ninaamini kwa nguvu kwamba ingefufuka, lakini siwezi kuthibitisha, kwa kuwa haikupimwa, na hiyo ndiyo aibu yangu. Silinda yenye mikwaruzo hupimwa kwa geji ya saa katika vina vitatu, juu, katikati na chini, na katika kila kina hupimwa mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Kwa kawaida silinda hulika zaidi karibu na juu, ambapo kanieneo na joto ni kubwa na mafuta ni haba, na hulika zaidi upande ambao pistoni huegemea. Kwa hiyo silinda kuukuu si duara tena wala si mcheduara. Imekuwa yai lililopanuka mdomoni. Dawa yake ni kuichonga mpaka iwe duara kwa kipenyo kikubwa kidogo, kisha kutia pistoni na ringi za kipimo hicho kipya. Kwa L24, kutoka milimita 83 hadi 83.5, ujazo wa injini hutoka 2,393 hadi kama 2,421. Ni ongezeko la asilimia 1.2 tu. Vijana wanaodhani kwamba silinda huchongwa ili kupata mbio wanakosea. Huchongwa ili kurudisha duara.

Krenki nayo, ambayo vitabu vyetu huiita fitokombo, ilistahili kupimwa kwa maikromita. Kuna watu wasiojua mzigo unaobebwa na chombo hiki. Ikiwa injini ya L24 inazunguka mara 7,000 kwa dakika, na tukiuacha kando mwinamo wa mkono wa pistoni, mchapuko wa pistoni inapofika mwisho wa safari yake na kugeuka ni karibu mita 19,800 kwa sekunde mraba, yaani mara 2,000 ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Pistoni pamoja na pini yake ikiwa na nusu kilo, basi huvuta kwa nguvu ya niutoni 9,900, sawa na uzito wa tani moja, na hugeuza mwelekeo wa nguvu hiyo zaidi ya mara 100 kila sekunde. Kinachotenganisha chuma na chuma katika kazi hiyo ni utando wa mafuta wenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita. Maji yakiingia katika mafuta kwa sababu ya gasketi iliyoungua, utando huo hukatika. Mikwaruzo ya beringi huonyesha ulikatikia wapi na kwa muda gani, kwa mtu aliyefundishwa kuisoma. L28 ina safari ya pistoni ya milimita 79, kwa hiyo katika mizunguko ileile mzigo huo huzidi kwa asilimia 7, hata kama pistoni zina uzito mmoja. Ukubwa nao una gharama yake.

Kuna hoja zinazopingana na maoni yangu, nami sitaki kuzikwepa. Ya kwanza ni fedha. Kuchonga silinda 6, kusaga krenki, kununua pistoni, ringi, beringi na gasketi, na kulipa mafundi wawili, mara nyingi huzidi bei ya injini ya mtumba iliyo tayari kufungwa. Hili ni kweli, na kwa dereva wa teksi ambaye kila siku ya gereji ni siku ya njaa sitathubutu kumwambia afanye vingine. Lakini bei ya dukani haionyeshi bei yote. Injini ya mtumba huja bila cheti cha maisha yake. Hujui ilitembea kilomita ngapi, ilibadilishiwa mafuta lini, wala kama nayo iliwahi kuchemka katika mlima wa kwao. Rangi ya fedha iko nje, ndani hujaona. Mjomba alilipa bei ya mtumba, na sasa analipa bei ya kufufua pia.

Hoja ya pili ni kwamba vipuri vya injini ya zamani ni haba. Kwa magari mengi hoja hii ni nzito. Kwa 240Z ni nyepesi, maana gari hili linapendwa sana Marekani, Japani na Australia, na pistoni za vipimo vya kuchongea bado zinatengenezwa.

Tena wapo wasemao kwamba kama injini inatolewa, basi itiwe yenye nguvu zaidi. Tangu miaka ya 1970 baadhi ya Wamarekani wamekuwa wakitia katika magari haya injini kubwa za Chevrolet za silinda 8. Sina ugomvi na anayejua afanyalo. Lakini nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, na breki hazikui pamoja na injini. Anayeongeza mbio kwa nusu anahitaji breki zenye kumeza nishati mara 2.25. Vivyo hivyo kwa mambo madogo ambayo huonekana kama ya kufaa tu. Fundi akichukua hedi ya L24, yenye chumba kidogo cha mwako, akaifunga juu ya bloku ya L28 ili kuokoa fedha, bolti zitaingia bila taabu yoyote. Lakini kama ujazo unaobaki juu ya pistoni ni uleule, uwiano wa mbano utatoka 9 hadi kama 10.2 kwa 1, na kwa petroli hafifu injini itaanza kunoki. Bolti kuingia si ushahidi kwamba kitu kinafaa.

Kuhusu wakusanyaji wanaotaka bloku yenye namba ya asili ibaki garini kwa gharama yoyote, hata ikiwa imetobolewa na mkono wa pistoni, sina mengi ya kusema. Ni kweli kwamba 240Z ina kibati chini ya boneti kinachoonyesha namba ya injini, na gari ambalo namba zake zinalingana huthaminiwa zaidi sokoni. Lakini bloku iliyopasuka imepasuka. Mimi natetea kupima kuje kabla ya kuamua. Namba si kitu cha kuabudiwa. Bloku ikijazwa maji kwa kanieneo ikavuja, au krenki ikionyesha ufa kwa ungaunga wa sumaku, basi itiwe nyingine, na mtu alale usingizi.

Linalonisumbua zaidi ni karakana za kukereza. Mzee niliyemtaja ana mashine ya kuchongea silinda, mashine ya kusagia krenki, na vijana wawili. Zamani alikuwa na vijana 9. Ananiambia kwamba kazi za injini ndogo zimemkauka, na kilichobaki ni malori na jenereta. Kijana wa leo katika gereji anaweza kutoa injini na kutia nyingine kwa siku moja, na huo ni ustadi pia, siudharau. Lakini mwulize silinda ya 5 ina kipenyo gani, atakuangalia kama unamtania. Ustadi wa kupima sehemu ya mia ya milimita hauishi katika gereji peke yake. Ndio uleule utumikao kutengeneza pampu ya maji ya kijiji, mashine ya kukoboa, na mtambo wa hospitali. Mashine ya mzee huyu ikiuzwa kwa uzito wake kama ilivyouzwa injini ya mjomba, hapatakuwa na duka la Dubai la kutuuzia mikono ya watu waliojua kuitumia.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa walimu wa shule za sekondari, nami nalitoa nikijua jinsi walivyolemewa na vipindi. Injini iliyokufa si ghali. Mahali pengi hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu, na wakati mwingine mwenye gereji huitoa bure ili apate nafasi. Ikilazwa juu ya meza imara nyuma ya maabara, ikamwagwa mafuta na kuoshwa, hutosha kwa masomo ya muhula mzima. Wanafunzi wapime kipenyo cha silinda kwa kalipa ya vania, halafu kwa maikromita ya ndani kama ipo, waone wenyewe kwa nini chombo cha kwanza hakitoshi. Wakokotoe ujazo. Wapime chumba cha mwako kwa kukijazia mafuta ya taa kutoka katika bureti. Waweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, na chini yake wapitishe vibati vya geji ya unene, watafute kama imepinda zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Wakate mrija mmoja wa rejeta, wauangushie tone la asidi hafifu ya haidrokloriki, waone chokaa ikitoa mapovu. Kisha, na hili ndilo gumu, waandike ukurasa mmoja wa kueleza kilichoiua injini ile, na kila neno wanaloandika wawe na kipimo cha kulishikilia. Nimejaribu jambo hili na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, waliopata alama za juu kabisa katika fizikia. Wengi wao waliandika sababu kabla ya kupima. Sikuwacheka.

Injini ya L28 ya mjomba sasa imelala katika karakana yetu ya chuo, imefunguliwa. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya 5 na ya 6, mbali na pampu ya maji, mahali ambapo mtu angetazamia. Bloku haina ufa. Krenki imehitaji kung'arishwa tu. Silinda zitachongwa na yule mzee kutoka milimita 86 hadi 86.5 mara pistoni zitakapofika, na wanafunzi watatu wameomba ruhusa ya kwenda kusimama kando ya mashine yake siku hiyo. Rejeta mpya ya shaba imeshatengenezwa, na mjomba ameahidi kuijaza maji ya mvua.

Huja karakana kila Jumamosi, hukaa juu ya kibao karibu na dirisha, huwaangalia vijana wakiandika namba katika daftari. Wiki iliyopita aliniuliza kwa mara nyingine kama wale wanunuzi wa vyuma huenda bado wanayo bloku ya zamani katika uwanja wao. Nilikwenda kuulizia mwezi ule ule ilipouzwa ya kwanza ya mizigo yao. Ilikuwa imekwisha kuingia katika tanuru.